Nje ya Program Files: Historia ya Mahali pa Kuweka Michezo ya Kompyuta Inayorekebishwa

Mchezaji anayetaka kuurekebisha mchezo wa kompyuta hukabiliwa na swali la mahali kabla ya swali la ustadi: mafaili ya mchezo yakae katika folda ipi ya diski ili mwenye kompyuta aweze kuyafungua, kuyabadilisha na kuyaongezea mengine bila kuzuiwa. Tangu mwaka 2007, wachezaji wanaotumia mfumo endeshi wa Windows wamekuwa wakipeana wosia mmoja, kwamba mchezo unaokusudiwa kurekebishwa usisakinishwe ndani ya Program Files, ingawa hiyo ndiyo folda inayopendekezwa na programu ya usakinishaji, na badala yake uwekwe katika folda aliyoiunda mchezaji mwenyewe, kwa mfano C:\Games. Wosia huo ni mfupi, lakini nyuma yake ipo historia ya zaidi ya miaka thelathini inayohusu mamlaka ya mtu juu ya chombo alichokinunua, na mipaka iliyowekewa mamlaka hayo pale kompyuta ya nyumbani ilipounganishwa na dunia yenye wezi.

Marekebisho yanayozungumziwa hapa huitwa na wachezaji modi. Modi ni faili, au mkusanyiko wa mafaili, linalotengenezwa na mtu asiye mwajiriwa wa kampuni iliyouunda mchezo, kwa lengo la kubadili sura, kanuni, ramani au hadithi ya mchezo huo. Ili modi ifanye kazi, sharti iwekwe mahali ambapo mchezo utaiona, na kwa kawaida mahali hapo ni ndani ya folda ileile ya mchezo. Kwa hiyo yeyote anayedhibiti folda hiyo ndiye anayeamua kama desturi ya urekebishaji itaendelea au itakoma.

Uwanja usio na ua

Katika enzi ya MS-DOS, mfumo uliotawala kompyuta nyingi za nyumbani katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, swali la mahali halikuwa na uzito. Mfumo huo ulitumia utaratibu wa kuhifadhi mafaili uitwao FAT, ambao uliandika katika orodha yake jina la faili lisilozidi herufi nane na kiambishi cha herufi tatu, ukubwa wa faili, tarehe yake na sehemu ya diski linapoanzia, lakini haukuwa na nafasi ya kuandika faili ni la nani. Kwa kuwa mfumo haukumjua mwenye faili, haukuwa na msingi wa kumnyima mtu yeyote ruhusa, na hata alama ya kuzuia faili lisiandikwe iliweza kuondolewa kwa amri moja na mtu yeyote aliyeketi mbele ya kibodi. Mchezo uliwekwa popote, na aliyeweza kuuendesha aliweza pia kuubadilisha.

Ni katika uwanja huo usio na ua ambapo desturi ya modi ilipata umbo lake. Wachezaji wa Wolfenstein 3D, mchezo wa mwaka 1992 ulioundwa na kampuni ya id Software ya Marekani, walibuni njia za kuchora upya ramani na picha zake, lakini ilibidi waandike juu ya mafaili ya asili, na aliyekosea alilazimika kuusakinisha mchezo upya. Kampuni hiyo ilipotoa Doom mwezi Desemba 1993, mtayarishaji programu wake mkuu, John Carmack, alikuwa ametenganisha injini ya mchezo, yaani programu inayochora na kuendesha kila kitu, na data yake, yaani ramani, picha na sauti, ambazo zilikusanywa katika faili moja lenye kiambishi cha WAD. Mchezaji aliweza kutengeneza WAD yake ndogo, kuiweka kando ya ile ya asili na kuiambia injini kwa amri fupi ianze kwayo, huku faili la asili likibaki salama. Mpango huo ulikuwa na busara ambayo vizazi vilivyofuata vya michezo havikuizingatia sikuzote, kwa sababu ulitambua kwamba kazi ya mtengenezaji na kazi ya mrekebishaji zinaweza kuishi katika folda moja bila moja kuifuta nyingine.

Matunda ya uwazi huo yalionekana upesi. Mchezo wa Half-Life wa kampuni ya Valve, uliotolewa mwaka 1998, ulijisakinisha katika folda ya C:\SIERRA\Half-Life, na kila modi iliyotengenezwa kwa ajili yake ilipewa folda yake ndogo kando ya folda ya data ya asili. Mojawapo ya folda hizo iliitwa cstrike, na ndani yake ilikaa Counter-Strike, modi iliyoanzishwa mwaka 1999 na vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, ambayo Valve yenyewe iliinunua na kuiuza kama mchezo kamili mwaka uliofuata. Mmoja wa michezo ya ushindani iliyochezwa zaidi duniani ulizaliwa hivyo, ndani ya folda ambayo hakuna aliyeilinda.

Folda rasmi na mazoea ya usimamizi

Windows 95, iliyotolewa mwezi Agosti 1995, ilileta wazo kwamba programu zote ziwe na makao mamoja. Makao hayo yaliitwa Program Files, jina lenye nafasi katikati ambalo programu za zamani za DOS hazikuweza kulisoma, na kwa ajili yake zilionyeshwa umbo lililofupishwa la PROGRA~1. Hata hivyo folda hiyo mpya ilikuwa pendekezo la mpangilio tu. Windows 95 iliendelea kutumia FAT, na mlango wa Program Files haukuwa na komeo.

Komeo lilikuwa tayari limetengenezwa kwingine. Mwaka 1993 Microsoft ilitoa Windows NT kwa ajili ya maofisi, pamoja na utaratibu mpya wa kuhifadhi mafaili uitwao NTFS, ambao hubeba kwa kila faili na kila folda orodha ya watu na makundi pamoja na yale wanayoruhusiwa kufanya: kusoma, kuandika, kufuta au kubadili ruhusa zenyewe. Windows XP ilipotolewa mwezi Oktoba 2001, ukoo huo wa NT uliingia rasmi majumbani, na kwa mara ya kwanza kompyuta ya kawaida ya familia ikawa na uwezo wa kutofautisha msimamizi, mwenye ruhusa zote, na mtumiaji wa kawaida, mwenye ruhusa ya kusoma Program Files bila kuandika humo.

Uwezo huo haukutumika. Akaunti iliyoundwa wakati wa kuisakinisha XP ilikuwa ya msimamizi, na familia nyingi hazikuwahi kuunda nyingine, hivyo kila programu iliyoendeshwa, njema au mbaya, ilirithi mamlaka yote ya mwenye nyumba. Tangu wakati wa Windows 2000 miongozo ya Microsoft iliwaelekeza watayarishaji programu waweke data ya mtumiaji katika folda zake binafsi na kuiacha Program Files iwe ya programu peke yake, lakini kwa kuwa aliyekiuka mwongozo huo hakupata adhabu yoyote, michezo iliendelea kuandika mipangilio na hifadhi zake palepale ilipokaa.

The Elder Scrolls III: Morrowind, uliotolewa na Bethesda Softworks mwezi Mei 2002, ni mfano ulio wazi zaidi wa mazoea hayo. Mchezo huo uliuzwa pamoja na Construction Set, zana ileile ya kutengenezea ulimwengu wake, ili mnunuzi aweze kujenga nyumba, wahusika na visa vyake mwenyewe. Kila modi ilikuja kama faili lenye kiambishi cha esp, lililodondoshwa katika folda ya Data Files na kuwekewa alama ya vema katika orodha kabla ya mchezo kuanza. Mpangilio wa modi hizo, ambao huamua ipi inaishinda nyingine pale zinapogongana, ulifuata tarehe ya kila faili. Mipangilio ilikaa katika faili la Morrowind.ini, na hifadhi za safari ya mchezaji zilikaa katika folda ya Saves, vyote ndani ya makao ya mchezo chini ya Program Files. Mchezo huo ulihitaji folda inayoandikika kila siku ya maisha yake.

Ua unajengwa

Wazo lililokuja kubadili hali hiyo lilikuwa kongwe kuliko kompyuta za nyumbani. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, walichapisha makala kuhusu ulinzi wa taarifa katika mifumo ya kompyuta, na miongoni mwa kanuni walizozieleza ilikuwamo ile ya ruhusa za chini kabisa, inayotaka kila programu na kila mtumiaji apewe uwezo unaotosha kwa kazi iliyopo na usiozidi hapo. Katika kompyuta za pamoja za vyuo vikuu na maofisi, ambako watu wengi walitumia mtambo mmoja, haja ya kanuni hiyo ilionekana kwa macho. Nyumbani, ambako mtu aliketi peke yake, haikuonekana mpaka intaneti ilipoingia.

Minyoo ya kompyuta, yaani programu hasidi zinazojieneza zenyewe kutoka mtambo hadi mtambo, ndiyo iliyofundisha somo. Code Red na Nimda zilienea mwaka 2001, na mwezi Agosti 2003 Blaster ilivamia kompyuta za Windows XP na Windows 2000 ambazo wenyewe hawakuwa wamefanya kosa lolote isipokuwa kuunganishwa na mtandao. Mwezi Januari 2002 Bill Gates alikuwa tayari amewaandikia wafanyakazi wa Microsoft waraka uliotaka usalama utangulizwe mbele ya nyongeza za kuvutia. Zao kubwa la mwelekeo huo kwa watumiaji wa nyumbani lilikuwa Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma tarehe 30 Januari 2007.

Vista ilileta Udhibiti wa Akaunti ya Mtumiaji, utaratibu ambao chini yake hata mtu mwenye akaunti ya msimamizi aliendeshewa programu zake kwa ruhusa za mtumiaji wa kawaida. Programu iliyotaka kugusa Program Files au sehemu nyingine nyeti ilipaswa kubisha hodi: skrini nzima ilififia, dirisha likatokea, na kazi ikasubiri mpaka mtu abonyeze kukubali. Kwa upande wa usalama hatua hiyo ilikuwa ya haki, kwa sababu programu hasidi iliyoingia kupitia barua pepe haikuweza tena kujipachika kimyakimya ndani ya programu nyingine. Kwa upande wa michezo, maelfu ya programu zilizoandikwa kwa kudhani kwamba mchezaji ni msimamizi ziliamka siku moja na kukuta zinaishi katika nyumba ambayo haziruhusiwi kusogeza kiti.

Ghala pepe na mafaili mawili yenye jina moja

Watengenezaji wa Vista walitambua hatari hiyo na kubuni mwafaka wa muda. Programu ya zamani ya biti 32, isiyobeba tamko lolote la ruhusa inazohitaji, ilipojaribu kuandika ndani ya Program Files, mfumo haukuikatalia. Uliligeuza andiko hilo kimyakimya na kulipeleka katika folda iitwayo VirtualStore, yaani ghala pepe, iliyofichwa ndani ya AppData katika folda binafsi za mtumiaji. Programu hiyo iliporudi kusoma, mfumo ulitazama kwanza ghalani, na kama nakala haikuwapo ndipo ulipotazama folda halisi. Programu iliamini imeandika ilipotaka, na Program Files ilibaki kama ilivyokuwa.

Mwafaka huo uliziokoa programu nyingi, lakini kwa mrekebishaji wa michezo ulileta fumbo gumu, na mfano wa Morrowind unaonyesha namna lilivyotokea. Mchezaji aliyeusakinisha mchezo huo chini ya Program Files na kuucheza kwa ruhusa za kawaida aliandikiwa hifadhi zake katika ghala pepe bila kujua. Alipofungua folda ya Saves kwa kidirisha cha kawaida cha mafaili, ambacho kwa kuwa ni sehemu ya mfumo mpya hakikuelekezwa ghalani, aliiona haina kitu, ilhali ndani ya mchezo hifadhi zote zilionekana. Ikiwa aliamua, kwa ushauri wa wenzake, kuuendesha mchezo kama msimamizi, ugeuzaji ulizimwa, mchezo ukasoma folda halisi, na safari ya wiki nyingi ikaonekana kufutika. Ikiwa alibadili faili la mipangilio kwa zana iliyoendeshwa kama msimamizi, badiliko liliingia katika faili halisi, lakini mchezo ulipoanzishwa kwa njia ya kawaida uliendelea kusoma nakala ya zamani iliyobaki ghalani, na badiliko likaonekana kana kwamba halikufanywa. Mafaili mawili yenye jina moja na anwani moja yalikuwapo kwa wakati mmoja, na jibu la lipi ni la kweli lilitegemea nani anauliza. Windows Vista na Windows 7 ziliweka katika kidirisha cha mafaili kitufe cha kufungulia nakala hizo za ghalani, lakini aliyeijua kazi ya kitufe hicho kwa kawaida alikuwa ameshalifumbua fumbo lenyewe.

Wosia wa kuhamia nje

Ndipo wosia wa C:\Games ulipopata nguvu, na sababu ya kufaulu kwake ni ya kiufundi kabisa. Katika NTFS folda mpya hurithi ruhusa za folda ambamo imeundwa. Folda iliyoundwa ndani ya Program Files hurithi ukali wa Program Files, ilhali folda iliyoundwa moja kwa moja chini ya mzizi wa diski C hurithi ruhusa legevu zaidi, zinazomwezesha kila mtumiaji aliyeingia kwa akaunti yake katika kompyuta hiyo kuandika, kubadili na kufuta. Hapo hapana ghala pepe, hapana haja ya kubisha hodi, na mafaili yaonekanayo machoni ndiyo yale yale yasomwayo na mchezo. Mchezaji hakuuvunja ua wala hakuuzima ulinzi, kama wengi walivyofanya kwa hasara yao. Alihamisha kiwanda chake hadi nje ya ukuta na kuuacha ukuta usimame.

Watengenezaji nao walitafuta njia zao. Oblivion, uliotolewa na Bethesda mwezi Machi 2006, ulikuwa tayari umehamishia hifadhi na mipangilio katika folda ya My Games ndani ya nyaraka za mtumiaji, ingawa modi zenyewe ziliendelea kukaa katika folda ya Data kando ya programu. The Sims 4, wa mwaka 2014, ulikwenda mbali zaidi na kuiweka folda ya Mods katika nyaraka za mtumiaji, ambako mtu haombi ruhusa ya mwingine. Minecraft ulijiweka wenyewe, data na modi pamoja, chini ya AppData, na hivyo watoto wengi wakaijua njia ya kuelekea folda iliyofichwa kabla ya kujifunza kitu kingine chochote kuhusu mfumo endeshi. Steam, duka la michezo lililoanzishwa na Valve mwaka 2003, lilikaa ndani ya Program Files lakini likazilegeza ruhusa za folda yake ili liweze kusasisha michezo bila kusumbua, na baadaye likawaruhusu wateja kuunda maktaba za michezo katika diski nyingine. Wapo pia waliotengeneza programu za kusimamia modi. Mojawapo, Mod Organizer, huziweka modi zote katika folda zake na kuuonyesha mchezo picha ya pepe kana kwamba zimo ndani, hata folda ya asili ikabaki safi. Hekima iliyokuwamo katika WAD za Doom ilirudi hivyo kwa njia ndefu.

Hatua iliyotishia desturi yenyewe ilikuja kutoka kwenye duka la Windows. Michezo iliyouzwa humo katika enzi ya Windows 10 ilisakinishwa katika folda iliyofichwa ya WindowsApps, ambayo hata msimamizi hakuimiliki, na mnunuzi hakupewa nafasi ya kuchagua kuifungua. Tofauti na Vista, ambayo iliweka mlango na kumwachia mwenye nyumba ufunguo, mpango huu ulimwondolea ufunguo. Mwaka 2021 Microsoft ilitangaza kwamba programu yake ya Xbox itawaruhusu wachezaji kuchagua folda ya usakinishaji na kuyafikia mafaili ya michezo mingi, na kwa hatua hiyo kampuni ilikiri kwa vitendo kwamba swali la mahali lilikuwa bado hai.

Ua nao haukukoma kusogea. Mwezi Oktoba 2017, miezi michache baada ya programu hasidi ya WannaCry kufungia mafaili ya watu na kudai fidia, Windows 10 iliongezewa ulinzi ambao ukiwashwa huzuia programu zisizoaminika kuandika katika folda ya nyaraka, na michezo iliyokimbilia huko ikajikuta tena mbele ya mlango uliofungwa. Huduma ya kuhifadhi nyaraka mtandaoni, ambayo Windows za karibuni humshawishi mtumiaji aiwashe, nayo inaweza kuyachukua mafaili ya modi yaliyomo humo, ikayapakia na kuyarudisha wakati mchezo unayasoma. Folda ya nyaraka, iliyosifiwa kama kimbilio, imegeuka kuwa mahali panapohitaji tahadhari zake yenyewe.

Historia hii inaonyesha kwamba folda iliyo nje ya ulinzi humhamishia mwenyewe kazi ya ulinzi. Ruhusa zinazomwezesha mchezaji kubadili mchezo wake katika C:\Games ndizo zinazoiwezesha programu hasidi, ikiendeshwa kwa akaunti yake, kuubadili mchezo huohuo, na ndizo zinazomwezesha mtu mwingine wa nyumba hiyo kufanya vivyo hivyo. Anayeweka mchezo humo anapaswa kujua modi inatoka wapi, kutunza nakala ya mafaili ya asili, na kutoendesha kama msimamizi kile kisichohitaji. Katika MS-DOS kila mtu alikuwa na uhuru huo bila kuuchagua na bila kujua gharama yake. Mchezaji wa leo anayeandika kwa mkono jina la folda katika dirisha la usakinishaji, akikataa lile aliloandikiwa, anauchagua akijua, na gharama ameshaipokea.